Kungoja Idhini Ukingoni mwa Rusizi

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mgeni aliyekuwa akikaa kwa miezi michache Kamembe, alituletea barua akitaka tumpe neno. Alieleza kwamba ameficha kopo lenye daftari ndogo juu ya kilima kinachotazama Ziwa Kivu, amewapelekea wahakiki wa kujitolea habari za mahali alipolificha, na sasa anangoja wamkubalie ili watu wengine wapate kwenda kulitafuta. Siku zilikuwa zikipita. Alitaka kujua kitu hicho alichokificha Waswahili wangekiitaje, na kama kungoja kwa namna hiyo nako kuna jina lake.

Tulikusudia kumjibu kwa mistari minne katika safu yetu ya maswali. Lakini kila tulipoligeuza swali lake tuliona kwamba mahali alipoandikia barua si mahali pa kawaida kwa jambo kama hilo. Ukingo huo wa mto Rusizi, ambao tangu 2006 ni wilaya ya Rusizi na kabla ya hapo ulijulikana zaidi kwa jina la Cyangugu, ulikwisha kungojeshwa idhini ya watu wa mbali juu ya alama na vipimo vya ardhi. Kungoja huko kulichukua miaka 26. Basi tumeona vema kuandika kwa urefu zaidi, na msomaji atuwie radhi tukianza na mchezo kabla ya kufika kwenye historia.

Mchezo wenyewe ni mchanga. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa hitilafu ambayo kwa makusudi ilikuwa ikiitia katika ishara za setilaiti zake za kuonyesha mahali, na ghafla mtu wa kawaida mwenye kipokezi mkononi akaweza kujua aliposimama kwa kukosea mita chache tu. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatia ndani daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, pamoja na kopo la maharagwe, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo. Hazikupita siku nyingi watu wakaiona. Waingereza wa Dartmoor walikuwa na mchezo ulio jamaa ya huo tangu 1854, pale James Perrott alipoweka chupa kando ya Cranmere Pool ili wapita njia waache humo kadi za majina yao. Lakini kule hapakuwa na setilaiti wala mhakiki, nasi hatutakaa hapo.

Jina la mchezo lilitungwa na Matt Stum mwezi huo huo wa Mei 2000, kwa kuunganisha neno la Kiyunani lenye maana ya ardhi na neno la Kifaransa la kuficha. Tukilitamka kwa ulimi wetu litakuwa jiokashi. Wapo watakaopendelea dafina. Neno hilo ni tamu masikioni, ila asili yake ni kuzika, na kanuni ya mchezo kwa kawaida inakataza kufukia kitu ardhini. Mwanafunzi atakayefundishwa dafina atakwenda na jembe, na hapo atakuwa amekosea tangu hatua ya kwanza. Maficho nayo tumezoea kuyasema juu ya watu na wanyama wanaojificha. Sisi twapendekeza kificho, wingi wake vificho, kutokana na kitenzi ficha, ambacho ndugu yake wa Kinyarwanda ni guhisha, hata jirani wa Kamembe ataweza kuukisia ukoo wake bila kufundishwa.

Tuje sasa kwenye kungoja. Jeremy Irish alipofungua daftari kuu la mchezo kwenye intaneti tarehe 2 Septemba 2000, vificho vilivyojulikana duniani vilikuwa 75. Siku hizi vimepita milioni 3. Mtu mmoja asingeweza kuyasoma maombi yote hayo, kwa hiyo walitafutwa wachezaji wazoefu waliokubali kuyapitia maombi ya wenzao bila ujira. Hapo kwanza wachezaji waliwaita kwa neno lenye maana ya waidhinishaji. Baadaye jina likageuka, wakawa wahakiki. Walimu wa lugha tusipite haraka mahali hapo. Mwidhinishaji ana muhuri mkononi: anaupiga au anauweka chini. Mhakiki anasoma, analinganisha, anauliza, na aghalabu anarudisha karatasi kwa mwenyewe ikiwa na maswali mengine. Mwanafunzi wetu alidhani anangoja muhuri, kumbe alikuwa akingoja maswali.

Mwenye kificho huandika mahali kilipo kwa digrii na dakika, hueleza habari za mahali hapo, hupima ugumu wa kukitafuta na ugumu wa njia kwa nyota 1 hadi 5, na pembeni huweka maneno ambayo ni mhakiki peke yake atakayeyasoma. Halafu hungoja. Ahadi waliyojiwekea ni kwamba mhakiki ataanza kulitazama ombi katika muda wa siku 7. Kuanza si kumaliza. Katika siku hizo kopo lipo ardhini, lakini katika daftari halipo, na hakuna aendaye kulitafuta.

Mhakiki hufanya nini? Hutazama ramani aone kama kuna kificho kingine ndani ya mita 161, yaani sehemu ya kumi ya maili ya Kiingereza. Hutazama kama pale pana shule, kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, daraja kubwa, bwawa au jengo la serikali karibu. Hutaka kujua kama mwenye ardhi ametoa ruhusa. Na huuliza ni nani atakayekitunza, kwa sababu msafiri akificha kitu wakati wa likizo kisha akarudi kwao, mvua itaingia koponi, daftari litaoza, na kilichokuwa mchezo kitabaki takataka katika shamba la mtu. Vificho vya wasafiri wa likizo kwa kawaida havikubaliwi mpaka apatikane mtu wa hapo hapo wa kuvitunza.

Tuishushe orodha hiyo Rusizi tuone itabaki nini. Mto ndio mpaka wa Rwanda na Kongo, na magari na watu huuvuka kwa madaraja. Hapo usifiche kitu. Kamembe kuna uwanja wa ndege. Huko Mururu mto umezuiwa kwa bwawa la mtambo wa umeme uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini yake upo mtambo wa pili ulioanza kazi 1989 kwa ushirikiano wa nchi tatu, Rwanda, Burundi na iliyokuwa Zaire. Ukitoa hayo, na shule, na ofisi, sehemu kubwa ya mji imekwisha kutoka. Vinabaki vilima, na vilima vya Rwanda kila pembe ina mwenyewe: huu mgomba wa fulani, ile mihogo ya mwingine, na njia ya katikati ni ya wote.

Lipo na jambo zito kuliko hayo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, jina la Cyangugu lilitajwa duniani kote. Watu walikusanywa katika uwanja wa mpira. Maelfu ya walionusurika waliwekwa katika kambi ya Nyarushishi. Mwezi wa Juni majeshi ya Ufaransa yaliingia nchini kwa kupitia mpaka huo, na mwezi wa Julai umati wa wakimbizi ukauvuka kuelekea Bukavu. Katika nchi iliyopitia hayo, kopo lililofungwa na kuwekwa chini ya jiwe na mtu asiyejulikana halionekani kwanza kuwa ni mchezo. Mpita njia atakayemwona mgeni akiinama, akitazama huku na huku, kisha akiondoka mikono mitupu, ana haki ya kwenda kumwarifu mkuu wa kijiji. Mhakiki aliye mbali hawezi kuyajua yote hayo kwa kutazama ramani, na ndiyo maana hauamini ujuzi wake akanyamaza, bali anauliza: mwenye ardhi anajua?

Swali hilo dogo ndilo lililoturudisha hadi 1885.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Dola Huru ya Kongo iliyatangazia mataifa mipaka yake. Kwa upande wa mashariki mpaka ulielezwa hivi: katikati ya Ziwa Tanganyika, kisha mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa hilo mpaka mahali inapokatana longitudo ya digrii 30 mashariki na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Msomaji mwenye ramani na rula auchore mstari huo mwenyewe. Ataona unapita zaidi ya kilomita 60 mashariki ya Cyangugu, ukiikata Rwanda vipande viwili, magharibi yake yote ikiwa ya Kongo. Ziwa Kivu halikutajwa, na si ajabu, maana hapakuwa na Mzungu aliyekwisha kuliona. Mstari ulikuwa na namba zote zinazotakiwa, digrii kwa dakika, lakini aliyeuandika hakujua ni nini kilichokuwa chini yake.

Kuhusu mto, habari zilikuwapo kwa mwenye kutaka kuzisikia. Burton na Speke walipofika kaskazini ya Tanganyika mwaka 1858 wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Mabishano yaliendelea Ulaya hata hivyo, kwa kuwa kama mto ungekuwa unatoka, basi Tanganyika ingeweza kudaiwa kuwa chimbuko la Nili. Ilibidi Livingstone na Stanley waende kwa mtumbwi hadi mdomoni mwa mto, Novemba 1871, ndipo maneno ya wavuvi yakakubaliwa. Miaka 13 ilipita kati ya jibu na idhini ya jibu. Mtu akisimama Cyangugu mto unapoanza safari yake, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460, na kuyatazama maji yanavyokimbilia kusini, atashangaa ni jambo gani lililokuwa na fumbo hapo.

Mstari wa 1885 haukuwa peke yake katika kukosea. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kugawana nchi zetu, na ndani yake ukatajwa mlima uitwao Mfumbiro, ambao Waingereza walitaka uwe wao popote utakapoonekana. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mlima mmoja wa jina hilo kama walivyoudhani, bali safu ya volkano. Mlima ulikwisha kugawiwa mtu kabla haujapatikana! Tukiruhusiwa mzaha kidogo, ombi kama hilo mhakiki wa leo angelirudisha siku ile ile.

Tufuate sasa mambo yalivyotokea Rusizi kwenyewe. Count von Götzen, aliyeingia Rwanda Mei 1894 na kuonana na mfalme Kigeri Rwabugiri, ndiye Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu. Rwabugiri hakuwa mshiriki wa mapatano yoyote ya miaka iliyotangulia. Nchi yake iligawanywa naye akiwa hai, akiwa katika kilele cha nguvu zake, akivituma vikosi vyake mpaka kisiwa cha Ijwi na nchi za ng'ambo ya ziwa. Akafariki 1895. Mwaka uliofuata kikosi cha Dola ya Kongo chini ya Luteni Sandrart kilipanda kikajenga kambi Shangi, katika nchi iliyoitwa Kinyaga, ambayo ndiyo Rusizi na sehemu ya Nyamasheke ya leo. Majeshi ya Rwanda yalikwenda kuwatoa. Walikuta bunduki, na wengi walianguka, akiwamo Bisangwa, mmoja wa makamanda wakubwa wa enzi ya Rwabugiri. Kwa hiyo alama ya kwanza ya Wazungu katika nchi hiyo ilisimamishwa kwa damu, na aliyeisimamisha aliamini kwamba mstari wa 1885 umempa haki.

Hakukaa. Mwaka 1897 askari wa Dola ya Kongo waliasi, fujo zikaenea hadi bonde la Rusizi, na vituo vikaachwa. Wajerumani waliokuwa wakija kutoka mashariki waliikuta nafasi tupu wakaikalia. Sasa walikwisha kulijua Ziwa Kivu, nao wakadai kwamba mstari ulionyooka hauna maana, mpaka wa kweli ni ziwa na mto. Wakongo waliporudi walisema mstari ni mstari. Mwezi wa Novemba 1899 maofisa wawili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, wakapatana wakiwa huku huku nchini: kila upande ubaki na vituo vyake katika nchi inayobishaniwa, Wajerumani wakiwa ndio wenye kuitawala hasa, mpaka serikali za Ulaya zitakapoamua.

Maneno hayo, mpaka serikali za Ulaya zitakapoamua, tunayaandika sisi kwa sentensi moja, lakini watu wa Kinyaga waliyaishi kwa zaidi ya miaka 10. Kituo kinataka chakula, kuni na wapagazi, na kituo cha muda hula sawa na kituo cha kudumu. Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chimbuko la Nili katika misitu ya Nyungwe mwaka 1898, alijijengea makao Shangi akayaita kwa Kijerumani jina lenye maana ya amani ya mlimani. Ndiye baadaye, 1907, aliyeanzisha mji wa Kigali. Hatuna ugomvi na jina alilolichagua, ila ilikuwa amani ya ajabu, bendera mbili zikitazamana kando ya maji yale yale, na wenyeji wakiwa hawajui watoto wao watakuwa raia wa nani.

Kati ya 1900 na 1902 tume ya pamoja ya Wajerumani na Wakongo ilizunguka ikipima. Latitudo haikuwa na shida kubwa, kwani jua na nyota humwambia mpimaji. Longitudo ndiyo iliyosumbua: kuijua kunataka kujua saa halisi ya mahali pengine panapojulikana, na saa iliyobebwa miezi mingi kichwani mwa mpagazi haiaminiki. Kukosea kwa dakika moja ya saa ni kukosea kilomita 27 au 28 katika nchi iliyo karibu na ikweta. Wapimaji wa miaka ile walikuja kugundua kwamba hata meridiani ya 30, ambayo mataifa yalikuwa yameitia katika mikataba kana kwamba ni ukuta, haikuwa pale ramani za zamani zilipoiweka. Mwanafunzi wetu anapata namba zake kwa nukta chache kutoka angani. Wale walizitafuta kwa usiku kadhaa wa kutazama nyota, na bado wakabishana.

Mwisho wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, ambayo tangu 1908 ndiyo iliyokuwa mtawala wa Kongo, walikutana Brussels mwaka 1910. Mwezi wa Mei walielewana, na tarehe 11 Agosti Ujerumani na Ubelgiji zikatia saini mkataba juu ya mpaka kutoka Tanganyika hadi mlima Sabinyo. Mwaka 1911 tume ilitembea kaskazini ya ziwa ikisimamisha alama. Huku Rusizi, mto wenyewe ulifanywa mpaka. Ziwa Kivu likagawanywa, na visiwa vikatajwa kimoja kimoja: Ijwi ikaenda kwa Wabelgiji, Gombo, ambayo leo twaiita Nkombo, ikaenda kwa Wajerumani, na kwa hiyo imo katika Rwanda.

Hakuketi katika mkutano ule Mnyarwanda, wala Mshi, wala Mhavu. Mfalme Yuhi Musinga alipoteza Ijwi na nchi nyingine za kaskazini ambazo baba yake alizidai, naye hakuulizwa. Watu wa Nkombo hawakuulizwa. Mpaka leo wengi kisiwani huzungumza lugha iliyo ya jamii ya Kishi, sawa na ndugu zao wa ng'ambo, ilhali vitambulisho vyao ni vya Rwanda. Nasi hatusemi kwamba mpaka wa mto ulikuwa mbaya kuliko mstari wa 1885. Ulikuwa bora, tena bora sana, maana angalau ulikifuata kitu ambacho macho huweza kukiona. Tunachosema ni kwamba katika miaka 26 ya barua, tume na mikutano, wahakiki wa wakati ule waliuliza maswali mengi ya akili juu ya vipimo, na hawakumwuliza hata mmoja mwenye ardhi.

Mkataba uliongojewa kwa muda mrefu hivyo ulidumu miaka michache. Vita vilipoanza 1914 Wajerumani walivuka wakaiteka Ijwi, na Aprili 1916 Wabelgiji wakavuka Rusizi wakaichukua Cyangugu. Baada ya vita Rwanda yote ikawekwa chini ya Ubelgiji, kwanza kwa maelewano ya 1919, kisha kwa dhamana ya Shirika la Mataifa. Na hapo tena nchi ikangoja idhini, safari hii kutoka Geneva. Musinga mwenyewe aliondolewa katika ufalme Novemba 1931, akahamishwa kwenda kukaa Kamembe, naye alikaa huko hadi 1940 alipopelekwa mbali zaidi, ndani ya Kongo, ambako alifariki 1944. Miaka karibu 9 mfalme huyo aliishi akitazamana na ziwa lililokatwa katikati bila ya yeye kuulizwa. Hatujui nchi nyingine ambapo mpaka na mwenye kunyang'anywa vimewekwa karibu namna hiyo.

Walimu wenzetu watatuuliza lugha yetu ilikuwa wapi katika mambo hayo. Ilikuwa njiani. Misafara iliyotoka pwani, askari, wapagazi na wafanyabiashara walikuja na Kiswahili, na utawala wa Kijerumani ukakitumia maofisini. Katika miji ya Rwanda vikazuka vitongoji vya Waswahili, na Kamembe, kwa kuwa ni mlango wa Bukavu, haijaacha kukisikia sokoni. Ilichukua muda kabla ya karatasi kuukubali ukweli huo: ni mwaka 2017 tu ndipo bunge la Rwanda lilipopitisha Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi. Wauza samaki wa Kamembe hawakuwa wamekingojea kibali hicho.

Turudi kwa mwanafunzi. Tulimwandikia kwamba kitu chake kiitwe kificho, na kungoja kwake kuitwe kungojea uhakiki, si kungojea idhini, na tukamweleza tofauti. Tulimwambia pia kwamba siku zinazopita si lazima ziwe dalili ya kudharauliwa. Yule anayesoma ombi lake ana kazi nyingine ya kumlisha, na analisoma jioni akiwa amechoka, labda katika nchi ambayo ina mvua wakati Kamembe ina jua.

Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya pili. Mhakiki alikuwa amejibu, na hakumpa muhuri. Alimwuliza mambo mawili: kilima ni cha nani, na wewe ukiondoka ni nani atakayeangalia kopo hilo? Kijana alikiri kwetu kwamba hakuwa amefikiria kuwa kilima kina mwenyewe. Akaenda kuuliza, akaelekezwa kwa mama mmoja mwenye migomba chini ya lile jiwe. Akampigia hodi, akaamkia, akakaa, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kujifunza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba kopo alikwisha kuliona tangu siku ya kwanza, akalifungua, akakuta daftari tupu, akalirudisha mahali pake kwa kufikiri kwamba ni mtoto wa shule aliyelisahau.

"Sasa, mwanangu," akauliza, "hao watu wako wakija, watapita kwenye migomba yangu au watapita njiani?"

Kijana alimjibu kwamba ataandika wazi wapite njiani. Mama akasema hapo sawa, na kwamba binti yake anayesoma sekondari ataweza kuliangalia kopo kila akienda kuteka maji, iwapo naye ataruhusiwa kuandika jina lake humo. Maneno hayo kijana aliyapeleka kwa mhakiki kama yalivyo. Wakati tunapeleka makala haya kwa mpiga chapa, alikuwa bado anangoja jibu.